Figo ya samaki: kichungi cha damu, tena kambi ya askari

FUNGURUME – Mwanadamu hutengeneza chembe nyeupe za damu, wale askari wanaopigana na magonjwa, ndani ya uboho wa mifupa. Samaki hana uboho wa namna hiyo. Kwake kazi hiyo inafanyika hasa kwenye figo, kiungo kilekile kinachochuja damu. Kwa sisi wa Lualaba, tunaoishi katikati ya machimbo ya shaba na kobalti, hilo si somo la darasani tu.

Tumwangalie nzombo, ambaye upande wa Ziwa Victoria anaitwa kamongo. Ni wa ukoo wa kale sana. Ana mapafu, na kwa undugu yuko karibu na mwanadamu kuliko na tilapia. Aina moja, Protopterus annectens, inaishi pia katika vinamasi vya Upemba.

Ukimpasua, usitafute wengu pembeni kama kwa mbuzi: limejificha ndani ya ukuta wa tumbo lenyewe. Na kwenye figo na viungo vya uzazi ameweka akiba ya granulositi, chembe nyeupe zilizojaa punje za kuua bakteria.

Akiba hiyo ina saa yake. Maji yakikauka, nzombo anajichimbia kwenye matope na kujifunika gamba jembamba, akae humo miezi mingi bila kula. Zamani watu walidhani gamba hilo ni ute uliokauka tu. Mwaka 2021, watafiti akiwemo Irene Salinas wa Chuo Kikuu cha New Mexico, Marekani, walionyesha kwamba ni tishu hai. Granulositi zinatoka kwenye damu, zinapenya ngozi, kisha zinatupa nje nyuzi za ADN yao wenyewe, kama mvuvi anavyotupa wavu, na bakteria wananaswa. Watafiti walipoziyeyusha nyuzi hizo, samaki walipata vidonda na kutokwa damu kwenye ngozi, na bakteria wakaingia hadi kwenye damu.

Sasa turudi kwenye figo. Metali zikiingia mwilini mwa samaki, hujikusanya zaidi kwenye ini na figo kuliko kwenye nyama. Na metali si habari ngeni huku: utafiti uliotolewa mwaka 2010 kuhusu Lufira ya juu ulipima shaba, kobalti, kadimiamu na nyinginezo, kuanzia majini mpaka kwa samaki. Figo ikilemewa, kinachoumia si kichungi peke yake, na kambi ya askari nayo inaguswa. Samaki wa hivyo anaweza kuuawa na bakteria wa kawaida kabisa, na mvuvi atasema ni ugonjwa tu.

Kwa hiyo anayepima samaki wa mito yetu kwa kukata kipande cha nyama peke yake amepima kile kinachoingia kwenye sahani. Hali ya samaki mwenyewe iko kwenye matumbo, ambayo mama sokoni anayatupa akimsafisha.