Uvimbe kifuani: Si kila kikohozi ni kifua kikuu

KIJANA wa Kagunga, kijiji cha mwambao wa Ziwa Tanganyika jirani na mpaka wa Burundi, anapokohoa kwa wiki kadhaa, kutokwa jasho usiku na kukonda, hushukiwa kuwa na kifua kikuu. Dalili hizo huletwa pia na saratani ya tezi; aina yake iitwayo Hodgkin huwapata sana vijana na huweza kusababisha uvimbe katikati ya kifua.

Eksirei huonyesha uvimbe, lakini haithibitishi aina yake. Makohozi yasipokutwa na vimelea, kipande cha uvimbe hukatwa na kuchunguzwa kwa hadubini. Kutoka Hospitali ya Maweni, Kigoma, mgonjwa huweza kupewa rufaa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam, kwa dawa za saratani na mionzi.

Hodgkin hutibika, hasa ikiwahiwa. Anayemeza dawa za kifua kikuu bila nafuu anapaswa kurudi hospitali mapema.