Pakiti moja, lita moja: hesabu inayookoa mgonjwa wa kuhara

MEI 2015 kijiji cha Kagunga, kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika upande wa Tanzania, kilifurika makumi ya maelfu ya wakimbizi kutoka Burundi. Vyoo havikutosha, maji ya kunywa yakatekwa ziwani. Kipindupindu kikaingia, na kabla mwezi haujaisha watu takriban 30 walikuwa wamefariki. Meli kongwe MV Liemba ndiyo iliyowavusha wengi hadi Kigoma.

Ndugu msomaji, kipindupindu huua kwa kukausha. Mtu mzima aliyeshikwa vibaya anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa, na maji hayo huondoka na chumvi za mwili, yaani sodiamu na potasiamu. Ndiyo maana maji matupu, hata yakiwa safi, hayatoshi: yanazidi kuizimua damu ambayo tayari imepungukiwa chumvi. Soda nayo ina sukari nyingi mno, na sukari hiyo huyavuta maji kutoka mwilini kuyarudisha tumboni.

Dawa ni ile pakiti ya ORS. Utumbo, hata ukiwa mgonjwa, hupokea chumvi ikiingia pamoja na sukari, na maji hufuata nyuma. Jambo hili lilithibitika kambini, tena katika kambi ya wakimbizi kama sisi. Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowasukuma watu hadi Bangaon nchini India, Dk. Dilip Mahalanabis aliishiwa dripu. Akachanganya chumvi na sukari katika mapipa, akawaachia ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo vilishuka kutoka karibu 30 hadi chini ya wanne kwa kila wagonjwa 100.

Sasa tuje nyumbani, maana hapa ndipo penye kasoro. Pakiti ya kawaida huchanganywa na lita moja kamili ya maji safi. Nimeona mara nyingi watu wakipimia chupa ya Primus, nayo ni sentilita 72 tu. Mchanganyiko huo huwa mkali kuliko damu yenyewe, na mtoto anazidi kuhara. Wengine huigawa pakiti kwa kukisia, nusu leo na nusu kesho. Nunua chupa ya maji iliyoandikwa lita moja, itunze. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe. Pakiti ikikosekana, tia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita hiyo hiyo.

Mtoto akitapika, mama wengi huacha kumnywesha. Subiri dakika 10, kisha endelea kijiko kwa kijiko, polepole. Aliye chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila anapohara, mkubwa wake 100 hadi 200. Anayenyonya aendelee kunyonya. Zahanati humwongezea mtoto vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14.

Wodini muuguzi hufanya kazi ya karani wa maji. Kitanda cha mgonjwa wa kipindupindu kina tundu, chini yake ndoo yenye alama za lita. Kilichotoka huandikwa, kilichoingia huandikwa, na pengo hujazwa. Huvuta ngozi ya tumbo aone kama inarudi upesi, hutazama macho yaliyodidimia, hushika mshipa wa mkono. Asiyeweza kunywa, au aliyelegea kabisa, huyo ndiye wa dripu. Potasiamu ya sindano haisukumwi moja kwa moja mshipani, kwani moyo unaweza kusimama papo hapo.

Wapo wanaolipia dripu kwa mtoto anayekunywa vizuri, kisa inaonekana tiba ya kweli. Kwangu hiyo ni hasara tupu.

Nanyi mnaovuka Kobero na Mugina na mizigo yenu, pakiti mbili tatu hazina uzito mfukoni. Usiku ule wa kuhara mpakani, duka la dawa huwa limefungwa.