Shimo la Mchanga Linapotuamisha Maji

Ng'ambo ya kaskazini ya Ziwa Victoria, huko Entebbe, uwanja wa gofu umekuwako tangu mwaka 1901. Viwanja vya namna hiyo huwekewa mashimo mapana ya mchanga (si lile tundu dogo la mpira) ili kumtatiza mchezaji. Mtazamaji hudhani kuyatunza ni kupiga reki tu. Sivyo. Adui wake mkubwa ni chembe ndogo mno, ambazo asili yake huonekana bayana Mwanza.

Majabali ya Mwanza, pamoja na Jiwe la Bismarck lililochomoza ziwani, ni ya itale, yenye umri unaozidi miaka milioni 2,500. Itale ina madini ya kwazi, feldispa na maika. Maji ya mvua, yakiisha kuyeyusha kaboni dayoksaidi ya hewani, huwa asidi hafifu. Nayo huigeuza feldispa polepole kuwa udongo wa mfinyanzi. Kwazi haiyeyuki kwa urahisi, hubaki punje ngumu. Kwa hiyo mchanga wa chini ya jabali huwa na punje zenye pembe lakini umechanganyika na udongo, ilhali ule wa ufukoni umeoshwa na mawimbi na kusuguliwa pembe zake.

Shimo la gofu hutaka usafi wa huu na pembe za ule. Punje za mviringo huteleza, mpira ukazama. Zenye pembe hushikana hata kwenye mteremko. Nyingi yafaa ziwe kati ya milimita 0.25 na 1.

Mvua hukokota udongo kutoka kingoni, ukajaza nafasi baina ya punje, na maji hutuama. Kumwaga mchanga mpya juu ni kupoteza fedha, maana tabaka lililoziba limebaki chini. Fundi hana budi kuondoa mchanga wote, kuzibua bomba lenye matundu na kokoto zake, na kuyaepusha maji ya mteremko, ndipo aweke mchanga uliooshwa.

Lakini utoke wapi? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia, ndani ya meta 60 za ufuko, shughuli ziwezazo kudhuru hifadhi yake. Na ufuko ni kinga: Mei 2020 ziwa lilipanda hadi kupita kidogo kilele cha 1964. Afadhali mchanga wa itale iliyopondwa, ukaoshwa vema.

Mwalimu aweza kuupima darasani. Chupa ijazwe mchanga hadi thuluthi, itiwe maji, itikiswe, iachwe usiku kucha. Punje hutua mara moja. Udongo hutua baadaye juu yake kama utando, na unene wa utando huo hupimwa kwa rula.