Vidole Vinavyokosa Damu Baada ya Kemo

Baadhi ya dawa za saratani, yaani kemo, huifanya mishipa midogo ya damu ya vidole ijifunge ghafla. Mgonjwa anatia mkono kwenye ndoo ya maji ya baridi, au anashika chupa iliyotoka kwenye friji, na vidole viwili vitatu vinakuwa vyeupe pe. Weupe huishia pale pale kwenye pingili, juu yake rangi ni ya kawaida. Vidole vimekufa ganzi. Kufunga kifungo cha shati ni kazi. Baadaye hugeuka bluu, na damu ikirudi huwa vyekundu, vikipwita na kuwaka moto. Kwenye ngozi nyeusi, dalili hizi hutazamwa zaidi viganjani na chini ya kucha.

Daktari Mfaransa Maurice Raynaud aliieleza hali hii mwaka 1862, kemo ikiwa bado haipo. Alimweleza mwanamke wa miaka 26 ambaye vidole vyake vilikosa damu kwa baridi kidogo tu, hata msimu wa joto. Raynaud aliamini kwamba neva ndizo zinazoubana mshipa kupita kiasi. Daktari Thomas Lewis wa Uingereza alimpinga mwaka 1929: hitilafu imo ndani ya mshipa wenyewe.

Kwa wagonjwa wa kemo, wote wawili wana hoja. Dawa ya bleomisini huvunjwa na kimeng'enya ambacho ni haba kwenye ngozi na mapafu, hivyo hukaa huko ikijeruhi utando wa ndani wa mishipa. Dawa nyingine, vinblastini, huumiza neva. Hizo mbili pamoja na sisplatini ndizo daktari Lawrence Einhorn alizoanza kuwapa wagonjwa wa saratani ya korodani huko Indiana, Marekani, mwaka 1974. Ziliokoa maisha ya vijana wengi, na thamani yake haina ubishi. Lakini vidole vya baadhi yao viliendelea kusumbua kwa miaka.

Nadra zaidi ni kidole kutoka vidonda au kuoza. Kwa nini tatizo hili limpate huyu, na mwenzake aliyepewa dawa zile zile apone salama? Na kwa nini wengine huanza kuona dalili miezi kadhaa baada ya dripu ya mwisho?

Glavu, kuacha sigara na dawa ya kutanua mishipa kama nifedipini husaidia. Ushauri huu unahusu Afrika Mashariki pia, ambako bleomisini hutumika kutibu saratani ya Kaposi. Mgonjwa ambaye vidole vyake vinabadilika rangi asikatishe tiba kimyakimya; amwambie daktari kabla ya dripu inayofuata.