Kurudi Kamango au kubaki: ushauri usioombwa na gharama yake

Tarehe 11 Julai 2013 waasi wa ADF waliushambulia mji wa Kamango, katika nchi ya Watalinga, mashariki mwa Kongo, na kwa siku chache watu wapatao 66,000 wakavuka mpaka kuingia Bundibugyo, Uganda. Huko washauri walikuwa tele. Mashirika ya misaada yalisema: ondokeni mpakani, nendeni kambi ya mpito ya Bubukwanga. Jamaa waliosalia ng'ambo walisema pametulia, rudini. Ndani ya mtu mwenyewe nako kulikuwa na mabishano, upande mmoja kakao na mpunga ulioachwa bila mlinzi, upande mwingine watoto. Wengi walirudi. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo Kamango ikashambuliwa tena.

Ni rahisi leo kusema waliorudi hawakusikia la mkuu. Mkuu yupi? Anayeshauri bila kuombwa, awe afisa au shangazi, mara nyingi si yeye atakayelipa akikosea. Mavuno yakioza hayamwumizi afisa wa kambi, na risasi zikilia tena, jamaa aliyesema pametulia hawezi kuirudisha roho ya mtu. Ndiyo maana kumpima mshauri kwa upendo wake au kwa cheo chake hakutoshi. Lipimwe lile analoshauri: likigeuka kuwa kosa, linarekebishika? Msimu mmoja uliopotea ni hasara kubwa kwa mkulima, lakini msimu mwingine huja. Sauti za ndani nazo zipitie mizani hiyohiyo, kwa kuwa nyingi si zetu. Ni maneno ya majirani yaliyohamia kichwani. Wapo waliovuka mchana kulima na kurudi Uganda kulala, na kwa maoni yangu hao walipiga hesabu vizuri kuliko washauri wao wote. Wala ushauri rasmi haukuwa kinga. Baadhi ya wakimbizi wa Kongo walipelekwa mbali zaidi, Kyangwali, na tarehe 22 Machi 2014 boti iliyokuwa ikiwarudisha baadhi yao nyumbani ilizama katika Ziwa Albert. Zaidi ya 200 walikufa. Kwa hiyo kila hatua ipimwe upya, hata kama ile ya kwanza ilikuwa sahihi.

Atatokea wa kusema kwamba mizani hii ni ya watu wenye nafasi, kwamba vita na ugonjwa havisubiri mtu apime. Ebola ya miji ya Beni na Butembo, hukohuko mashariki mwa Kongo, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, inaonyesha kwamba mizani hiyo haihitaji muda mrefu. Katika utafiti wa Septemba 2018 uliowahoji watu wazima 961 wa miji hiyo miwili, mmoja kati ya wanne alisema Ebola haipo, na wasiowaamini viongozi walikuwa wazito zaidi kukubali chanjo. Shaka hiyo haikuzuka hewani: watu walikuwa wamechinjwa kwa miaka bila kulindwa, na baada ya utafiti huo ikapata chakula zaidi, pale Desemba 2018 kura ya Beni na Butembo iliposogezwa hadi Machi huku karibu nchi nzima ikipiga. Lakini kuishuku serikali ni jambo moja, na kumficha mgonjwa nyumbani ni jingine. Anayewahi kituoni akakutwa na malaria amepoteza siku kadhaa na amani kidogo. Majaribio ya dawa yaliyofanyika hukohuko Beni na Butembo yalionyesha kwamba kila siku ya kuchelewa iliongeza hatari ya kufa, na mwenye Ebola anayefichwa huwaambukiza wanaomhudumia. Hesabu hiyo mtu huimaliza kabla hajafunga mlango.

Nawe unayependa kushauri, kabla hujampigia ndugu simu kumwambia arudi, mweleze kwanza uliona nini, lini, na kama uliona kwa macho yako au uliambiwa.