Vepu: Soma Miligramu Kabla ya Ladha

Muuzaji wa sigara za kielektroniki, au vepu kama vijana wanavyoziita, hukutajia kwanza ladha na idadi ya mivuto. Hii ya embe, hii ya mnanaa. Hii mivuto elfu tano, ile elfu kumi. Kwa anayejali afya yake, hayo ndiyo yenye uzito mdogo kuliko yote. Mvuto wa mtu mmoja si sawa na wa mwingine, na embe halikuambii umebeba nikotini kiasi gani.

Geuza pakiti, tafuta asilimia. Asilimia 2 ni miligramu 20 kwa kila mililita, na hicho ndicho kikomo katika nchi za Umoja wa Ulaya na Uingereza, ambako tangi nalo halipaswi kuzidi mililita 2. Kwa hiyo kifaa kinachofuata sheria hizo kina miligramu zisizozidi 40 kwa jumla. Sasa shika kile kikubwa kilichoandikwa asilimia 5 na mililita 10: ni miligramu 500! Si zote zinazoingia mwilini, lakini ukikumbuka kwamba sigara moja ya kawaida humpa mvutaji takriban miligramu 1, utaelewa kwa nini mtu anajikuta hawezi kukaa saa moja bila kukitafuta mfukoni. Isitoshe, vingi siku hizi hutumia chumvi za nikotini, ambazo hazikwaruzi koo. Kikohozi kilichokuwa kikimzuia kijana anayeanza hakipo tena.

Kisha kuna moto. Betri hupasha koili, yaani waya unaogusana na pamba iliyolowa kimiminika cha propilini glaikoli na gliserini. Ukinunua kifaa cha kujazwa upya, angalia omu, yaani kipimo cha ukinzani wa koili. Kwa betri ya volti 3.7, koili ya omu 1 hutoa takriban wati 14. Ya nusu omu hutoa wati 27. Wati zikipanda, mvuke huongezeka na kimiminika huisha haraka. Pamba ikikauka huku koili ingali inawaka, mvuke huwa mchungu, wenye ladha ya kuungua, na hapo kemikali kama formaldehidi huongezeka. Ukiionja ladha hiyo, acha kuvuta papo hapo. Betri ya akiba nayo usiichanganye mfukoni na funguo au sarafu: chuma kikiunganisha ncha zake, inaweza kulipuka.

Na kweli, hakuna kinachoungua kama tumbaku, hivyo hakuna lami wala kaboni monoksidi ya sigara. Ndiyo maana huduma ya afya ya Uingereza humshauri mvutaji mtu mzima kuhamia vepu ili aache sigara. Ushauri huo haumhusu asiyevuta. Huyo hana kifaa bora cha kuchagua. Vyote ni hasara kwake. Wala usijaze kimiminika usichojua kilikotoka: mlipuko wa maradhi ya mapafu nchini Marekani mwaka 2019, uliohusishwa hasa na mafuta ya bangi yaliyochanganywa na asetati ya vitamini E, uliua watu 68 kufikia Februari 2020.

Kabla ya kulipa, angalia pia sheria ya unakokwenda. Uganda, kwa mfano, ilipiga marufuku uingizaji na uuzaji wa vifaa hivi katika Sheria ya Udhibiti wa Tumbaku ya 2015.