Komeo la Mlango Si Tiba: Funzo la Dhaka kwa Wazazi

Asubuhi ya tarehe 15 Agosti 2013, msichana mmoja alitoka katika nyumba ya wazazi wake, mtaa wa Chamelibagh, jijini Dhaka, nchini Bangladesh. Alifuatana na mdogo wake wa kiume na msichana wa kazi. Ndani aliwaacha baba yake, aliyekuwa mkaguzi wa polisi, na mama yake, wote wawili wakiwa maiti. Siku ya pili yake miili ilipatikana, na tarehe 17 binti yule akajisalimisha mwenyewe kwa polisi. Ilibainika kwamba usiku ule aliwatilia dawa za usingizi katika kahawa, kisha akawachoma kisu.

Jina lake lilitangazwa duniani kote. Sisi hatuoni haja ya kulirejea, kwa kuwa mdogo wake angali na maisha ya kuishi. Tunakikumbusha kisa hiki kwa sababu nyumba ile ilikuwa nyumba ya Waislamu, yenye elimu na kipato, na baba yake alikuwa mlinzi wa sheria. Hakuna katika sisi awezaye kusema kwamba balaa la namna hii huwafika watu wa aina fulani tu.

Binti yule alikuwa ametumbukia katika matumizi ya yaba. Hivi ni vidonge vya methamfetamini iliyochanganywa na kafeini, ambavyo huingia Bangladesh kwa wingi kutoka Myanmar. Ni vidogo kiasi cha kufichika kiganjani. Mtumiaji hukesha bila usingizi, hamu ya chakula humtoka, hukasirika upesi, na akiendelea huweza kuona na kusikia yasiyokuwapo.

Wazazi walipogundua, walifanya ambalo wengi wetu tungelifanya. Habari za kesi zilieleza kwamba walimzuia kutoka na kumtenga na marafiki zake. Hatuandiki haya kuwatia lawamani waliouawa. Dhambi ya kuua ni ya aliyeua, na hakuna ukali wa mzazi unaohalalisha kisu.

Mahakamani umri wake ulibishaniwa. Upande wa utetezi ulidai kuwa bado ni mtoto kisheria, lakini mahakama iliridhika kwamba alikwisha kuvuka miaka 18. Tarehe 12 Novemba 2015 akahukumiwa kifo. Rafiki aliyempa hifadhi baada ya mauaji alifungwa miaka miwili. Tarehe 5 Juni 2017 Mahakama Kuu iliibadili adhabu ya kifo kuwa kifungo cha maisha. Majaji walizingatia kwamba alikuwa kijana mdogo, hakuwa na rekodi ya uhalifu, alijisalimisha mwenyewe, na alikuwa na matatizo ya akili, ambayo yalipata kuonekana pia katika ukoo wake. Wakaongeza kwamba baba na mama walikuwa wameshughulishwa mno na kazi, na kwamba wazazi ndio walimu wa kwanza wa mtoto, hivyo yawapasa kumpa mazingira mema na wakati wao.

Tuyatafakari maneno hayo. Maradhi ya akili na uhaba wa wakati havikuzaliwa usiku ule wa Agosti. Vilikuwamo ndani ya nyumba kabla yake. Jaji huyapima mambo kama hayo baada ya makaburi kufukiwa. Mzazi ana nafasi ya kuyapima mapema.

Kuzuia na kutibu

Kumfungia mtoto ni kumzuia, si kumtibu. Mwili uliozoea dawa hauachi kuidai kwa sababu mlango umetiwa komeo. Mtoto aliyefungiwa bila tabibu wala mshauri hubaki na uraibu wake, na sasa anao pia watu wa kuwabebesha adha yake, nao ni wale waliofunga mlango.

Sisi tulio katika kamati za misikiti tunaiona hali hii. Familia hutujia kwa ajili ya sanda, ndoa na mirathi. Ni nadra mzazi kuja kusema kwamba mwanawe anatumia unga na kuomba msaada. Huogopa maneno ya majirani, na huogopa posa za mabinti zake kuvunjika. Ni kweli kwamba dini imetufundisha kusitiri aibu ya Mwislamu. Lakini kumsitiri mgonjwa ni kutomtangaza barazani. Si kumficha kwa daktari. Mtume (S.A.W.) ametuagiza tujitibu.

Hapa Tanzania, tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini imekuwapo katika Hospitali ya Taifa Muhimbili tangu mwaka 2011, na baadaye ikaenea katika vituo vingine. Kwa dawa za jamii ya yaba hakuna dawa mbadala ya namna hiyo. Huhitajika ushauri nasaha wa muda mrefu na uangalizi wa madaktari wa akili. Visomo na dua vina nafasi yake, navyo havimkatazi mtu kwenda hospitali.

Wala tusianze kuwaogopa watoto wetu. Vijana walio wengi wenye uraibu au maradhi ya akili hawainui mkono juu ya mzazi. Hata hivyo, kijana akitoa vitisho vya kuua, akilala na kisu, au akisema anasikia sauti zinazomwamrisha, jambo hilo lisingojee kesho. Aitwe mzee anayemheshimu, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, na ikibidi polisi wajulishwe.

Mwisho, tumkumbuke mdogo mtu. Kwa usiku mmoja alimpoteza baba, mama na dada. Msiba wa namna hii ukitokea katika mitaa yetu, aliyesalia asiitwe wa ukoo wa wauaji, wala asinyimwe mchumba kwa kosa la mwingine. Yeye ni yatima, na haki ya yatima tunaijua sote.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuhifadhie vizazi vyetu, awaponye walio wagonjwa, na atupe ujasiri wa kuomba msaada kabla ya msiba. Amin.